Neno Lisikike: Kuunda na Kurekebisha Ekwalaiza ya Parametri kwa Ajili ya Kigango



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya katika bonde la Kilombero, upande wa Mlimba, ambako treni ya TAZARA hupita kati ya mashamba ya mpunga na milima ya Udzungwa. Dominika moja ya kipindi cha Pasaka, baada ya Misa, nilimsalimia bibi mmoja ambaye hukaa benchi la mwisho karibu na mlango.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Frateri. Hebu niambie, mwanangu. Siku hizi mnasoma Kitabu cha Mapendo. Mbona zamani hakikuwepo?”

Hakuwa anatania. Kwa Dominika kadhaa msomaji alikuwa akitangaza somo kutoka Kitabu cha Matendo ya Mitume, na yeye alikuwa akisikia “Mapendo”. Herufi moja tu imepotea njiani, kati ya mimbari na benchi la mwisho. Nilijiuliza: kama jina la kitabu limepotea, somo lenyewe limefikaje?

Halmashauri ya Walei ya kigango ilikuwa tayari imelijadili jambo hili. Jibu lao lilikuwa kutumia fedha za mavuno kununua spika kubwa zaidi na amplifaya yenye nguvu mara mbili. Kabla ya kuingia seminari nilikaa miaka miwili katika kibanda cha fundi redio, nikaomba tungoje kidogo. Makala hii inaeleza tulichofanya badala yake, ili parokia na vigango vingine viweze kufanya hivyo pia.

Tatizo si udogo wa sauti

Sauti ni mitetemo ya hewa. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi, kwa kifupi Hz. Sauti nzito ina masafa madogo, sauti nyembamba ina masafa makubwa. Mtu anaposema, sehemu kubwa ya nguvu ya sauti yake imo katika irabu, chini ya Hz 500 hivi. Lakini kinachotofautisha neno na neno mara nyingi ni konsonanti, nazo ni dhaifu, na alama zake nyingi zimo kati ya Hz 1,000 na 4,000 na kuendelea. Ndiyo maana simu za zamani za waya zilipitisha masafa ya Hz 300 hadi 3,400 tu, na bado watu walielewana. “Matendo” na “Mapendo” zina irabu zile zile. T na P ndizo zinazotofautiana.

Sasa liangalie kanisa letu la kawaida: kuta za tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, juu bati. Vitu vyote hivyo vinarudisha sauti badala ya kuinyonya. Sauti nzito huzunguka, hujirundika na kuvuma, hivyo irabu ya neno lililopita hufunika konsonanti ya neno linalofuata. Ukiongeza sauti, unaongeza vyote pamoja, mvumo na neno.

Tena kuna mluzi. Maiki husikia sauti ya spika, huirudisha kwenye amplifaya, amplifaya huipeleka tena kwenye spika, na mzunguko unaendelea hadi mitambo ianze kulia. Jambo la kuzingatia ni kwamba mluzi hauanzi katika masafa yote kwa pamoja. Huanza katika masafa mamoja, yale ambayo maiki, spika na jengo kwa pamoja huyapendelea zaidi. Masafa hayo mamoja ndiyo yanayomzuia fundi wa mitambo kuongeza sauti, ingawa mengine yote bado yana nafasi.

Kwa sababu hiyo amplifaya kubwa isingetusaidia. Kuongeza nguvu mara mbili ni kuongeza desibeli 3 tu, na mluzi ungeanza pale pale ulipoanzia zamani.

Vishikizo vitatu

Mikisa nyingi ndogo za makanisani zina nobu ya besi na nobu ya trebo. Ukipunguza besi, unapunguza yote yaliyo chini, hata yale yanayoipa sauti ya padre uzito wake. Ni sawa na kumwaga nusu ya debe la mchele kwa sababu una mawe matatu. Mama anayechagua mchele kwenye ungo hafanyi hivyo. Hulitafuta jiwe, hulishika, hulitoa, na mchele unabaki.

Ekwalaiza ya parametri huchagua mchele. Kila sehemu yake ina nobu tatu, na kila nobu hujibu swali moja. Ya kwanza ni masafa: jiwe liko wapi? Ya pili ni kiasi: nitoe au niongeze desibeli ngapi? Ya tatu ni upana, ambao mafundi huuita Q: nishike eneo pana kiasi gani? Q ikiwa kubwa, eneo ni jembamba. Mathalani, masafa yakiwa Hz 800 na Q ikiwa 8, upana wa eneo ni 800 gawanya kwa 8, yaani Hz 100.

Jina hili lilienea baada ya Mmarekani George Massenburg kuwasilisha mada juu ya ekwalaiza ya namna hii mwaka 1972 katika mkutano wa Audio Engineering Society. Kichujio kinachoweza kuwa moyo wake kilikuwa kimeelezwa mwaka 1967 na Kerwin, Huelsman na Newcomb. Leo mikisa za kidijitali huwa na ekwalaiza hii ndani yake. Lakini kigango chenye mikisa ndogo ya analogi kinaweza kuijenga kwa vipuri vya fundi redio, na anayeijenga huielewa.

Sakiti yenyewe

Wazo lake ni jepesi. Chukua nakala ya sauti, ichuje ibaki na kipande kile tu unachokitaka, kisha ama kiongeze kipande hicho kwenye sauti nzima, ama kitoe.

Kazi yote hufanywa na opampu, yaani vikuza sauti vidogo vilivyomo ndani ya chipu. Sehemu moja ya ekwalaiza inahitaji opampu 7. Chipu aina ya TL074 ina opampu 4, hivyo chipu mbili zinatosha na opampu moja inabaki. Hiyo iliyobaki usiiache ikielea: unganisha mguu wake wa kutokea na ule wa kuingilia ulio hasi, na mguu chanya uupeleke kwenye sifuri ya sakiti.

Opampu ya 1 hupokea sauti kutoka kwenye mikisa na kuipitisha bila kuibadilisha, ili mikisa isilemewe. Opampu ya 2 ndiyo hatua kuu. Sauti huingia kwenye mguu wake hasi kupitia rezista ya kilo-omu 10, na rezista nyingine ya kilo-omu 10 hutoka kwenye mguu wa kutokea kurudi kwenye mguu huo huo hasi. Hatua hii hugeuza chanya kuwa hasi lakini haibadilishi ukubwa. Opampu ya 3 hugeuza tena, ili sauti itoke kama ilivyoingia.

Nobu ya kiasi ni voliyumu ya kawaida ya kilo-omu 10 yenye mpangilio wa linia. Ncha yake moja huungwa kwenye sauti inayoingia hatua kuu, na ncha nyingine kwenye sauti inayotoka hatua hiyo hiyo. Kwa kuwa sauti hizo mbili ni sawa kwa ukubwa lakini zimepingana, mguu wa katikati ukiwa katikati kabisa zinafutana. Hakuna kinachoingia kwenye kichujio, na ekwalaiza haibadilishi chochote. Ukiizungusha kuelekea upande wa kuingia, unaongeza. Ukiizungusha kuelekea upande wa kutoka, unakata.

Kutoka mguu wa katikati sauti hupita kwenye opampu ya 4, ambayo huigeuza kwa rezista mbili za kilo-omu 47. Msiisahau hatua hii. Kichujio kinachofuata nacho hugeuza sauti, na bila opampu ya 4 upande wa kukata utapiga mluzi wenyewe hata kabla ya kuunga maiki.

Kichujio kina opampu 3. Ya kwanza hujumlisha. Mguu wake hasi hupokea rezista mbili za kilo-omu 10, moja kutoka kwenye mguu wake wa kutokea na nyingine kutoka kwenye opampu ya mwisho ya kichujio. Mguu wake chanya hupokea rezista mbili za kilo-omu 47, moja kutoka opampu ya 4 na nyingine kutoka kwenye opampu ya kati ya kichujio. Kutoka mguu huo huo chanya, unga rezista ya kilo-omu 2.7 ikifuatana na voliyumu ya kilo-omu 100 hadi kwenye sifuri ya sakiti. Hiyo ndiyo nobu ya Q. Kwa vipimo hivi Q hutoka 1.2 hadi 9.7, na uzuri wa mpangilio huu ni kwamba ukibadilisha Q, kimo cha kipande kinachochujwa hakibadiliki.

Opampu mbili zinazofuata hufanana. Kila moja ina kapasita ya nanofaradi 10 kutoka mguu wa kutokea hadi mguu hasi, na hupokea sauti kupitia rezista ya kilo-omu 3.3 ikifuatana na upande mmoja wa voliyumu pacha ya kilo-omu 100. Miguu yao chanya huenda kwenye sifuri. Voliyumu pacha ndiyo nobu ya masafa. Hesabu yake ni 1 gawanya kwa (2 × 3.14 × R × C). Rezista ikiwa kilo-omu 3.3 tupu, tunapata takriban Hz 4,800. Ikiwa kilo-omu 103.3, tunapata takriban Hz 154. Eneo hilo linatosha kwa mvumo na kwa sehemu kubwa ya mluzi wa kanisani.

Tumieni voliyumu pacha ya mpangilio wa logi, mkiiunga ili ukinzani uwe mdogo nobu ikiwa kushoto. Masafa yatapanda unapozungusha kushoto, jambo lisilozoeleka, lakini yatagawanyika vizuri kwenye mzunguko wote. Ya linia ingerundika masafa yote ya juu kwenye pembe moja. Kapasita ziwe za polyesta, si zile za bei ya chini za kauri ambazo hubadilika kwa joto, na bondeni joto tunalijua.

Kipande kilichochujwa hutoka kwenye opampu ya kati ya kichujio na kurudi kwenye mguu hasi wa hatua kuu kupitia rezista ya kilo-omu 3.3. Kwa kuwa 10 gawanya kwa 3.3 ni kama 3, nobu ikiwa mwisho wa kuongeza, sauti katika masafa yale huwa 1 jumlisha 3, yaani mara 4. Ikiwa mwisho wa kukata, huwa robo. Hiyo ni desibeli 12 juu au chini.

Umeme uwe wa volti 12 chanya na volti 12 hasi, kutoka kwenye vidhibiti 7812 na 7912. Bwawa la Kihansi, lenye mitambo ya megawati 180, haliko mbali na Mlimba, lakini umeme kijijini huweza kushuka kama kwingine. Transfoma ya volti 15-0-15 huacha nafasi ya kutosha kwa kushuka huko. Wekeni kapasita ya nanofaradi 100 karibu na kila chipu, kwenye kila upande wa umeme. Upande wa volti 230 ufungwe na mtu anayejua, ndani ya kasha lenye fyuzi na waya wa ardhi. Mtu asipoteze maisha kwa ajili ya besi.

Kupima kabla ya kwenda kanisani

Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio wa masafa mamoja, uweke Hz 400, kisha uunge simu kwenye ekwalaiza. Pima kwa multimita ya volti za AC. Nobu ya kiasi ikiwa katikati, kinachotoka kiwe sawa na kinachoingia. Tuseme inaingia volti 0.2. Zungusha hadi mwisho wa kuongeza, kisha tembeza nobu ya masafa taratibu. Kipimo kitapanda hadi takriban volti 0.8 utakapopita Hz 400, halafu kitashuka. Geuza upande wa kukata, na mahali pale pale kitashuka hadi kama volti 0.05. Kikifanya hivyo, sakiti ni nzima. Weka alama ya masafa kwenye kasha kwa kalamu, kisha rudia kwa milio mingine.

Kurekebisha kanisani

Sisi tulijenga sehemu mbili, moja kwa ajili ya mvumo na nyingine kwa ajili ya mluzi, tukaziweka kati ya mikisa na amplifaya. Lakini kabla ya kugusa nobu yoyote tulifanya yasiyo na gharama. Spika zilikuwa nyuma ya mimbari, zikielekea maiki. Tulizisogeza mbele, tukaziinua juu ya vichwa na kuzielekeza kwa watu wa nyuma.

Kisha tukatafuta mvumo. Msomaji alisoma somo kwa sauti yake ya kawaida. Tuliweka Q kwenye 2 hivi, tukaongeza desibeli 6, tukatembeza masafa kutoka chini kwenda juu polepole. Karibu na Hz 250 sauti yake ilikuwa kama mtu anayesema ndani ya pipa. Hapo ndipo jiwe lilipo. Tukageuza nobu ya kiasi hadi kukata desibeli 5. Unaongeza ili upate, halafu unakata. Usiache mahali ulipoongeza.

Kwa mluzi msifuate njia hiyo, kwa sababu kuongeza mahali panapokaribia kulia kunaweza kuunguza spika. Tuliweka Q kwenye 8, tukakata desibeli 6, halafu tukapandisha sauti kuu kidogo kidogo hadi mluzi wa mbali ukaanza kusikika. Tukatembeza masafa mpaka ukanyamaza, karibu na Hz 1,250. Baada ya hapo tuliweza kupandisha sauti kuu kwa desibeli 3 bila mluzi. Desibeli 3 ndizo zile zile ambazo amplifaya ya nguvu mara mbili ingetupa. Tulizipata kwa nobu moja.

Msikate zaidi ya inavyohitajika. Fundi mgeni hukata hapa, hukata pale, hukata tena, na mwisho padre husikika kama anayesema kwenye simu mbovu. Mkiona mnahitaji kukata sehemu tano, rudini kwenye maiki na spika. Tatizo liko huko.

Na msimalize kazi kanisa likiwa tupu. Mwanafizikia Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza utafiti wake mwaka 1895 katika ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki, aligundua kwamba muda wa mwangwi, kwa sekunde, ni takriban 0.161 mara ujazo wa jengo, gawanya kwa eneo linalonyonya sauti. Tuseme kanisa ni mita 20 kwa 10, na kimo cha mita 5, yaani mita za ujazo 1,000. Likiwa tupu, na eneo la kunyonya la mita za mraba 50 tu, mwangwi ni kama sekunde 3.2. Wakiingia waamini 300, na kila mmoja akanyonya kama nusu mita ya mraba, eneo linakuwa 200 na mwangwi unashuka hadi sekunde 0.8. Ni jengo jingine kabisa. Waamini wenyewe ni dawa ya kanisa lao. Kwa hiyo rekebisheni Jumamosi, kisha sahihisheni Dominika, mtu mmoja akiwa amekaa nyuma.

Mipaka yake

Tusidanganyane. Ekwalaiza haiondoi mwangwi. Hupunguza tu kile kinachoulisha. Haisaidii msomaji anayekimbiza somo, wala anayekaa mbali na maiki. Na mvua ya masika ikipiga bati, hakuna sakiti inayoishinda. Siku hizo padre hunyamaza, nasi tunangoja pamoja hadi ipungue. Misale ya Kirumi, katika utangulizi wake wa jumla namba 309, hutaka mimbari iwekwe mahali ambapo wasomaji wataonekana na kusikika vizuri. Kwa hiyo mahali pa mimbari, mafunzo ya wasomaji na mitambo ni kazi moja.

Katika Nehemia sura ya 8, Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao lililotengenezwa kwa ajili hiyo, na Walawi wakawasaidia watu kuelewa kilichosomwa. Naamini seremala wa jukwaa lile alifanya utume. Fundi anayekaa nyuma ya mikisa Dominika naye yuko katika utume huo huo, ingawa hakuna anayemtaja isipokuwa maiki inapolia. Wenzangu mafrateri, mkifika parokiani msiuone kama kazi ya vijana tu.

Kwetu, Halmashauri iliahirisha spika kubwa, na fedha za mavuno zikaenda kwenye nyumba ya katekista. Dominika iliyofuata nilikwenda benchi la mwisho kumsalimia bibi.

“Leo mmesoma Matendo,” aliniambia kabla sijauliza. “Lakini Frateri, yule kijana wa somo la pili, mwambie asome polepole.”

Nilimwambia. Kwa hilo hakuna nobu.